Alalaye mdomo wazi na mashine ya pumzi: usikimbilie kuirudisha boksini

Kuna mashine za pumzi zilizolala kabatini hivi sasa huku wenyewe wakikoroma hatua mbili kutoka hapo. Ukiwauliza sababu, wengi watakupa jibu moja: "Mimi hupumua kwa mdomo, kitu hiki hakinifai." Safu ya leo ni ya hao, na ya wake zao na waume zao wasiolala.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Mzaliwa wa Likoni, lakini miaka mingi sasa makao yake ni Machakos, na kazi yake ni kuendesha matatu ya Machakos kwenda Nairobi, abiria 14 nyuma yake. Dada yangu alikuwa akilala nusu nusu, anasikiliza: mkoromo, kisha kimya, kisha mtu anashtuka kama aliyeopolewa majini. Alipopimwa, ilionekana pumzi yake hukatika zaidi ya mara 30 kwa saa. Madaktari huhesabu hivi: mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 kwenda juu ni kali. Koo hulegea, njia ya hewa hujifunga kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unamgutusha mtu apumue, kisha mchezo unaanza upya. Mwenyewe asubuhi hakumbuki kitu. Anachojua ni kwamba kichwa kinamuuma, presha haishuki kwa dawa, na usingizi unamvamia kwenye foleni ya Mlolongo. Sisi huku Pwani tumezoea kumcheka anayekoroma na kusema amelala fofofo. Mtu huyo hajalala.

Mashine aliyopewa, hii iitwayo CPAP, ina kazi moja tu. Husukuma hewa ya kawaida ya chumbani, wala si oksijeni kama wengi wanavyodhani, kwa nguvu ndogo isiyokatika, ili koo libaki wazi. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hutoka 4 hadi 20. Aliyeibuni ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mjini Sydney mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaitangaza katika jarida la The Lancet. Mashine zake za mwanzo zilitumia mota za kufyonzea vumbi, na barakoa ilikuwa ikigandishwa puani kwa gundi kila usiku. Puani, si mdomoni. Tangu siku ya kwanza dawa hii ilipitia pua, na hapo ndipo mgogoro wa watu wa mdomo wazi unapoanzia.

Ukivaa barakoa ya pua na mdomo ukafunguka, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni bila kufika inakotakiwa. Koo halipati msukumo, mdomo unakauka hadi ulimi unagandana na kaakaa. Tena kuna ubaya mwingine ambao wengi hawaujui: upepo huo unaopita puani bila kurudi hukausha pua, pua ikikauka huvimba, ikivimba huziba, ikiziba mdomo unafunguka zaidi. Usiku wa tisa shemeji akaifunga boksini. "Mie sikuumbiwa hii," akasema.

Kabla ya kulaumu barakoa, iulize pua. Mtu hapumui kwa mdomo kwa kupenda, mara nyingi ana sababu. Huenda ni aleji ya vumbi, na Machakos wakati wa kiangazi vumbi si haba. Huenda ukuta wa katikati ya pua umepinda, au kuna nyama za puani. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Mwenye aleji mara nyingi hupewa dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, ambayo huchukua siku kadhaa hata wiki kufanya kazi, kwa hivyo usiiache siku ya tatu. Zile dawa za kufungua pua papo hapo ni jambo jingine: ukizitumia zaidi ya siku tano hivi, pua huziba vibaya kuliko mwanzo. Sisi tunaotawadha tayari tunajua kupandisha maji puani na kuyapenga, na ukitawadha kabla ya kulala umeshaondoa vumbi la mchana. Kwa pua iliyoziba sana, maji ya chumvi yaliyotayarishwa ya duka la dawa husafisha zaidi.

Jambo jingine la kutia moyo: kwa baadhi ya watu mdomo hufunguka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Mwili unaokosa hewa hutafuta mlango wowote. Koo likishakaa wazi kwa wiki kadhaa, mdomo hurudi kujifunga wenyewe.

Sasa barakoa. Ushauri wa haraka anaopewa mtu wa mdomo wazi ni kuchukua ile kubwa inayofunika pua na mdomo. Kwa aliyezibwa pua kabisa, hiyo ndiyo yake na haina badala. Lakini isiwe ya kwanza kwa kila mtu. Mwongozo wa American Academy of Sleep Medicine wa mwaka 2019 unapendekeza kuanza na barakoa ya pua, au ile ndogo ya kukaa matunduni, kabla ya hiyo kubwa. Barakoa kubwa huvuja zaidi, mara nyingi hudai msukumo mkubwa zaidi, na mikanda yake ikikazwa inaweza kukirudisha kidevu nyuma, ukalibana koo lile lile ulilotaka kulifungua. Kuna pia mkanda wa kidevu unaosaidia mdomo usifunguke. Wengine unawafaa, wengine hupenyeza hewa pembeni mwa midomo hata ukiwepo.

Na ndevu je? Wanaume wengi wa kwetu wanafuga, na hakuna anayewaambia wanyoe. Lakini barakoa kubwa hukaa juu ya ndevu kama kifuniko juu ya sufuria iliyopinda, na hewa inatoka kila upande. Mwenye ndevu nyingi, ile ndogo ya matunduni ndiyo rafiki yake, kwani haigusi kidevu. Mwambie muuzaji mapema, kwa sababu si kila duka litakuuliza.

Machakos ina mtihani wake. Mji uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai mtu wa Likoni hulala na mablanketi mawili bado akatetemeka. Hewa baridi na kavu ndiyo adui wa pua. Hapo kile kitangi cha maji cha mashine, kinachopasha hewa joto na unyevu, si pambo, ni nusu ya tiba kwa anayepumua kwa mdomo. Ila ukipandisha unyevu katika chumba cha baridi, mvuke hugeuka maji ndani ya mpira, ukaamka saa nane za usiku unamwagikiwa usoni. Upitishe mpira ndani ya blanketi, au ununue ule wenye waya wa joto, au ushushe unyevu kidogo kidogo. Aliyeko Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevu, huenda akahitaji kiwango cha chini sana.

Maji ya kitangi yawe yaliyokenekwa. Ya visima vya Kisauni na ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na kuyachemsha hakuondoi chumvi, huacha ukoko kwenye kitangi. Ukienda kununua kituo cha petroli kuwa makini: baadhi ya yale yaitwayo maji ya betri ni asidi. Soma chupa.

Nimeulizwa pia kuhusu kubandika mdomo kwa plasta, mtindo unaosifiwa sana mitandaoni. Msimamo wangu ni kwamba usijaribu bila daktari, na nchi hii ina sababu yake ya ziada. Usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Mashine ikizimika ukiwa na barakoa ya pua, mdomo ndio mlango wako wa kutokea. Barakoa kubwa zina kilango kinachofunguka msukumo ukikatika ili uvute hewa ya chumbani. Mdomo uliobandikwa hauna kilango. Mwenye kiungulia cha kutapika usiku au pua inayoziba ndiye asijaribu kabisa. Na mwenye uwezo anunue betri. Ukizima joto la kitangi, betri hudumu muda mrefu zaidi.

Shemeji alirudi kwenye mashine kwa njia ya polepole. Kwanza aliivaa akiwa macho, jioni, akitazama habari, nusu saa. Halafu kwa usingizi wa adhuhuri siku ya mapumziko. Kisha usiku, akitumia kitufe cha kuanzia na msukumo mdogo unaopanda taratibu. Madaktari wengi hutazama kama mtu anafikisha saa nne kwa usiku, katika usiku saba kati ya kumi. Hicho ni kiwango cha chini, maana usingizi wote unahitaji hewa. Jifunze kusoma kioo cha mashine asubuhi: idadi ya pumzi zilizokatika ishuke chini ya 5 kwa saa, na uvujaji usizidi kiwango cha kampuni husika. Kwa ResMed, kwa mfano, ni lita 24 kwa dakika. Uvujaji ukiwa mkubwa na mdomo ni mkavu, umeshajua pa kutazama. Rudi na takwimu hizo kliniki, usirudi na malalamiko matupu.

Ramadhani tumbo halingoji. Ukiamka kula daku, vaa tena ukirudi kulala baada ya alfajiri, kwani usingizi wa alfajiri ndio pumzi hukatikia sana kwa wengi. Kuhusu unyevu wa mashine na saumu, muulize sheikh wako, nawe umweleze vyema jinsi mashine inavyofanya kazi kabla hajakujibu.

La mwisho ni kwa wanaoletewa mashine na jamaa walioko Marekani au Ghuba. Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita mamilioni ya mashine zake, nyingi zikiwa za DreamStation ya kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza sauti ilikuwa ikioza na ingeweza kuvutwa pumzini. Nyingine bado huzunguka mikononi mwa watu. Geuza mashine, soma jina na namba iliyo chini yake, uihakiki kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kulipa. Barakoa na mpira nunua vipya, na kiwango cha msukumo kiwekwe kwa kipimo chako mwenyewe, si cha aliyeitumia kabla yako.