Farasi wa Sataranji na Intore wa Nyundo

Jana jioni mlikuwa mnacheza sataranji barazani, mto Sebeya ukinguruma kule bondeni, mara mkaanza kuzozana kwa ajili ya kete moja. Wa kwanza aliiita farasi. Wa pili, aliyefundishwa na mjomba wake wa Goma, akasema ni kavalie. Wa tatu akasema mwalimu wake wa Kiingereza huiita knight, na akaapa kwamba neno hilo lina K mbele ambayo haisomwi kamwe. Mkanijia niwaamue. Basi sogeeni, wajukuu zangu, kwa maana nimelala nikiliwaza neno hilo.

Nyote mlikuwa sahihi. Sataranji ilizaliwa India, na kete ile ilisimama badala ya kikosi cha wapanda farasi. Ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, nao wakaiita faras, neno lililotupa sisi farasi wetu. Wafaransa walimtazama mpandaji, ndipo ikaja kavalie ya Goma. Wajerumani hawakujali mnyama wala mtu, walitazama mwendo tu, wakaiita Springer, yaani mrukaji, kwa sababu ndiyo kete pekee inayoruka juu ya wenzake: hatua mbili moja kwa moja, kisha moja kando.

Na Waingereza? Wao walimtia askari wa heshima. Huko Ulaya ya kale, knight alikuwa mpiganaji wa farasi aliyevaa deraya ya chuma na kula kiapo cha utii kwa bwana wake. Mara nyingi bwana naye alimpa ardhi. Lakini hiyo si asili ya neno. Zamani zaidi Waingereza waliandika cniht, na ile K waliitamka kwa nguvu. Maana yake ilikuwa mvulana, kijana wa kutumwa. Wajerumani, hao waliowahi kuwa na kituo chao hapo Gisenyi, wanalo neno la ukoo huohuo, Knecht, nalo kwao lilibaki na maana ya mtumishi. Hata samurai wa Japani jina lake limetoka katika kitenzi cha kutumikia.

Habari hiyo inanigusa, kwa sababu ni ya kwetu Rwanda pia.

Mnawajua intore. Neno limetoka katika gutora, kuchagua: intore ni mteule. Nanyi mmezoea kuwaona wakicheza, lakini zamani intore alianza akiwa mvulana wa umri wenu, aliyepelekwa na baba yake katika nyumba ya mwami, mfalme wetu, au ya chifu. Mahali pa mafunzo paliitwa itorero. Huko alijifunza kurusha mkuki, kulenga kwa upinde, kuruka, kukimbia, kucheza ngoma, na kuvumilia maumivu bila kulia. Tena alijifunza kusema! Kila mmoja alitunga icyivugo chake, majigambo ya kujisifu kwa ushujaa, akayatamka mbele ya watu kwa pumzi ndefu bila kukwama. Kijana asiyejua kupanga maneno hakuhesabiwa kuwa amefundishwa. Mimi sehemu hiyo ndiyo niipendayo kuliko mkuki.

Farasi hakuwapo. Katika milima yetu mtu alikwenda vitani kwa miguu, na mnyama wa heshima alikuwa ng'ombe. Chombo chake kikubwa kilikuwa ngao, kwa Kinyarwanda ingabo. Sikilizeni vizuri: ngao, ingabo. Ni ndugu wa tumbo moja. Na ingabo hiyohiyo ndilo neno la jeshi, yaani askari ni ngao ya watu. Mkuki nao ulianza chini ya nyundo ya mhunzi, ambayo hapa tunaiita inyundo, na jina la kilima chetu, Nyundo, mnalisikia lenyewe.

Sitawaficha jambo. Heshima za vita zilihesabiwa kwa watu waliouawa. Aliyeua maadui saba alivishwa umudende shingoni, na kwa kumi na wanne alipata impotore. Baada ya hapo ilikuwapo heshima ya uruti. Knight wa Ulaya naye aliteketeza vijiji, hata kama picha za vitabuni humwonyesha akiokoa binti wa mfalme. Nataka mlijue hilo pamoja na uzuri wa mavazi.

Bunduki ilipofika, deraya ikakosa kazi. Jina la knight halikufa, likawa cheo. Apolo Kagwa, katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, aliitwa Sir, kama aitwavyo knight, vilevile Liwali Ali bin Salim wa Mombasa, wala hawakupewa cheo hicho kwa kupigana juu ya farasi. Mwami wetu Mutara wa Tatu Rudahigwa, mwaka 1947, alipewa na Papa nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu, ambayo wapewao huhesabiwa kuwa aina ya knight.

Intore naye akabadilika. Mkuki ukawa wa kuchezea. Manyoya ya simba yakaigwa kwa umugara, zile nywele ndefu nyeupe za nyasi zinazopepea kichwani, na njuga za amayugi zikabaki miguuni kupiga mdundo. Mwaka 2024 UNESCO iliiandika ngoma ya intore katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Uruti nao leo ni nishani ya taifa, ya waliopigania ukombozi.

Hapa Nyundo alikuwapo mtu aliyejua thamani ya kuyatunza mambo haya. Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952, alikusanya methali, hadithi na mila za Rwanda na kuziandika kwa Kinyarwanda. Mwaka huohuo shule ya sanaa ilianzishwa hapahapa, na mikono ya vijana ikaanza kuchonga. Ninapowasimulia haya najiona nikiokota kuni katika msitu ambao wengine waliulinda.

Mmoja wenu ananitazama kwa jicho la kudai. Najua swali lako, binti yangu: je, msichana anaweza kuwa intore? Zamani ngoma ile ilikuwa ya wanaume. Lakini tangu itorero iliporudishwa mwaka 2007, safari hii kwa mafunzo ya uraia, wavulana na wasichana huingia pamoja, na wote huitwa intore.

Haya, leteni ubao. Ni zamu yako, na farasi wako ana pa kurukia.