Mabibi Waulizwe, Wasikejeliwe

Mtoto mchanga aliyenyonya akashiba, asiye na homa, anapolia saa nyingi kila jioni huku akikunja miguu na kukaza tumbo, nyumba nzima hukosa raha. Waganga wa hospitali huiita hali hii msokoto wa tumbo. Wazee wetu huiita mchango. Huanza katika wiki za mwanzo, huzidi karibu na wiki ya sita, kisha hutoweka yenyewe mtoto afikapo mwezi wa tatu au wa nne. Lakini mama aliye peke yake usiku kule Mwamgongo au Kagunga, mumewe yuko ziwani akivua dagaa, hawezi kuambiwa asubiri mwezi wa nne. Humwita bibi.

Bibi naye huja na vyake: shamari ya kuchemsha, majani ya kivumbasi, mvuje uliofungwa katika kitambaa cheusi. Wako maofisa wanaoyacheka mambo haya. Wangekumbuka kwamba ile dawa ya chupa iitwayo Gripe Water ilitungwa Uingereza na William Woodward mwaka 1851, ikiwa na mafuta ya mbegu za mmea wa jamii moja na shamari, na pombe juu yake! Waingereza nao walikuwa na bibi yao. Tena utafiti uliofanywa Urusi na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya shamari, yakitengenezwa na kupimwa na wataalamu, yaliwatuliza watoto wengi.

Tunachokihofia sisi ni kikombe chenyewe. Dawa ya nyumbani haina kipimo, na maji yake mara nyingi hutoka ziwani. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kiliwafundisha watu wa mwambao maji machafu yanavyoua. Asali nayo, ambayo wengine huitia humo, huweza kuwa na vijidudu vya kumlegeza viungo mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani husisitiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila hata maji.

Na kwa kweli sehemu kubwa ya tiba ya bibi haimo kikombeni. Humlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, humsugua tumbo kwa kiganja chenye joto, humweka begani acheue, na humwambia mama akalale kidogo. Hayo yaendelee.

Serikali haikuidharau tiba asili: kitengo cha utafiti wake kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2002. Basi muuguzi wa zahanati amkaribishe bibi kliniki pamoja na mkwewe, aulize kwa heshima mtoto kanyweshwa nini. Mama anayekaripiwa leo atakuja kuficha kesho.

Maana kuna kilio ambacho si mchango. Mtoto mwenye homa, anayetapika kijani, mwenye damu katika choo au anayekataa kunyonya hangojei dawa ya kuchemsha. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Viongozi wa vijiji vya mwambao na visiwani wajue kila jioni ni boti ya nani iliyo ufukweni, na kama ina mafuta.