Kununua Gari la Kale la Michezo Lililokarabatiwa: Mambo ya Kuthibitisha Kabla ya Kulipa

Tangazo linalosema “Datsun 240Z ya mwaka 1972, limekarabatiwa kikamilifu” lina madai mawili. La kwanza ni aina ya gari na mwaka wake, na mnunuzi anaweza kulithibitisha kwa kusoma nambari. La pili limo katika neno “limekarabatiwa”, nalo halina maana moja inayokubaliwa na kila gereji. Kwa fundi mmoja, kukarabati ni kulifungua gari lote hadi bodi ibaki tupu, kukata chuma kilichooza, kuchomelea kipya na kuliunga upya. Kwa mwingine ni kupaka puti na rangi, kisha kubadilisha vitambaa vya viti. Magari hayo mawili yakiegeshwa pamoja huweza kung'aa sawasawa, ilhali moja lina thamani ya bei yake na jingine linaficha gharama ambayo mnunuzi ataibeba baadaye.

Makala haya yanatumia Datsun 240Z kama mfano kwa sababu ni gari linalojulikana vyema katika eneo letu. Ushauri uliomo unafaa pia kwa magari mengine ya Kijapani ya enzi hiyo.

Kwa nini bei ni kubwa

Nissan ilizindua gari hili mwaka 1969. Nchini Japani liliitwa Fairlady Z, na katika masoko mengi ya nje liliuzwa kwa jina la Datsun 240Z hadi mwaka 1973, lilipofuatwa na 260Z. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Sifa yake katika Afrika Mashariki ilitokana na mashindano ya Safari: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiliendesha, na mwaka 1973 ushindi ukawa wa Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Magari mengi ya aina hii yaliliwa na kutu. Yaliyosalia yanatafutwa, na bei yake hupandishwa na hadithi kama vile hali ya gari. Muuzaji akidai kwamba gari lake liliwahi kushiriki Safari, dai hilo ni sehemu ya bei na linahitaji ushahidi wa maandishi unaotaja nambari ya chesisi. Picha ya gari linalofanana nalo haitoshi.

Ukarabati wa kweli una gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, tawi la Nissan nchini Marekani lilianzisha mpango wa kununua magari ya 240Z yaliyochakaa, kuyakarabati na kuyauza kupitia wauzaji wake. Mpango huo ulidumu muda mfupi, na magari yaliyouzwa hayakufika hamsini. Ikiwa kazi hiyo ilikuwa nzito hata kwa kampuni iliyoliunda gari lenyewe, basi bei ndogo inayoambatana na neno “kikamilifu” inapaswa kuzua maswali kabla ya kuzua furaha.

Soma nambari kwanza

Nambari ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Herufi zinazoitangulia hueleza asili ya gari. HLS30 ni gari lililoundwa likiwa na usukani wa kushoto kwa ajili ya masoko ya nje. HS30 ni gari la lita 2.4 lenye usukani wa kulia. S30 pekee huashiria gari lililouzwa Japani likiwa na injini ndogo ya lita 2.0. Kwa hiyo, gari lenye usukani wa kulia na nambari ya HLS30 limehamishwa usukani, na ni lazima ujue ni nani aliyeifanya kazi hiyo na kwa vifaa gani. Vilevile, gari lenye nambari ya S30 na nembo ya 240Z halikutoka kiwandani likiwa na nembo hiyo.

Nambari ya injini imegongwa kwenye bloku yenyewe. Injini ya asili ya 240Z huanza na L24. Wamiliki wengi waliweka injini ya L28 yenye lita 2.8, kwa kuwa inaingia bila taabu kubwa na ina nguvu zaidi. Hilo si kosa endapo muuzaji amelieleza na bei imelizingatia. Huwa kosa pale gari linapouzwa kama la asili.

Linganisha nambari zote mbili na zile zilizo kwenye kibati cha utambulisho ndani ya boneti, na pia kwenye kitabu cha usajili. Mabadiliko ya injini au ya rangi yanapaswa kuarifiwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Ikiwa kumbukumbu zinatofautiana na chuma, mwachie muuzaji kazi ya kuzirekebisha kabla hujalipa.

Tafuta kutu chini ya rangi

Bodi ya gari hili haina fremu ya pekee iliyo chini yake. Sakafu na bodi ndizo zinazobeba uzito. Kutu katika sehemu hizo huondoa uimara wa gari, na katika ajali huweza kugharimu maisha. Omba gari liinuliwe, kisha wewe na fundi wako mkague sehemu zifuatazo:

- sakafu na reli zinazopita chini yake;
- kikalio cha betri na chuma kilicho chini yake;
- vizingiti vya milango;
- sehemu ya chini ya madigadi za mbele, nyuma ya magurudumu;
- matao ya magurudumu ya nyuma;
- chuma kinachozunguka mlango wa buti na taa za nyuma.

Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Pale inaposhindwa kunasa, chini ya rangi kuna puti nene au kipande kisicho cha chuma. Usikubali kibanzi cha lami nyeusi kilichopakwa upya chini ya gari kuwa ushahidi wa ukarabati, kwa kuwa lami hiyo hufunika chomeleo baya kama inavyofunika jema.

Vitu vinavyozeeka hata gari likisimama

Gari la kale hutembezwa mara chache, na mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limekwisha umri. Kagua pia mipira ya mafuta na ya breki, kwani mpira uliopasuka karibu na injini yenye joto huleta moto. Kumbuka kwamba mita nyingi za enzi hiyo zina tarakimu tano za kilomita au maili na hurudi sifuri zinapojaa. Umbali mdogo kwenye mita, peke yake, hauthibitishi lolote.

Dai kumbukumbu za kazi

Ukarabati wa kweli huacha nyayo: picha za bodi ikiwa tupu, risiti za vipuri, ankara za fundi wa bodi na wa injini, pamoja na tarehe. Zungumza na gereji iliyofanya kazi hiyo. Asiye na kumbukumbu huenda ni mkweli, lakini unachonunua kwake ni gari la kale lenye rangi mpya, na bei ifuate hali hiyo.

Ikiwa gari liko nje ya nchi, fahamu kwamba viwango vya Kenya haviruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Muuzaji anayeahidi kukuletea gari la mwaka 1972 akuonyeshe kwanza idhini ya maandishi, nawe uithibitishe kwa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kabla ya kutuma arbuni.

Sheria inakulinda kwa kadiri ya yaliyoandikwa

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31), bidhaa inayouzwa kwa maelezo ni lazima ilingane na maelezo hayo, hata kama muuzaji ni mtu binafsi. Sharti la ubora, kwa upande wake, humhusu muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo, na lina mpaka: mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulitegemea kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Ndiyo maana ukaguzi wa juujuu ni hatari. Aidha, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha, na inampa mtumiaji haki ya kuvunja mkataba uliopatikana kwa njia hiyo. Ukitaka kuitumia haki hiyo, toa notisi ya maandishi bila kukawia.

Kwa hiyo, neno “limekarabatiwa” liandikwe kwa urefu wake katika mkataba: nambari ya chesisi na ya injini, sehemu zilizokatwa na kuchomelewa, vipuri vilivyobadilishwa, jina la gereji, na kama injini ni ya asili. Hifadhi nakala ya tangazo. Muuzaji anayetamka sifa kwa ufasaha lakini anasita kuzitia sahihi amekwisha kukupa jibu.

Kabla fedha hazijatoka

1. Hakikisha kwa NTSA kwamba muuzaji ndiye mmiliki na kwamba gari halikuwekwa rehani.
2. Lipa fundi huru, asiye na uhusiano na muuzaji, alikague gari likiwa limeinuliwa.
3. Iulize kampuni ya bima kama itakubali kulikatia bima kubwa kwa thamani mliyoafikiana. Bima inayofuata bei ya kawaida ya soko huenda isitambue gharama ya ukarabati.
4. Tieni sahihi mkataba wenye maelezo kamili, kisha lipa kupitia benki.
5. Kamilisha uhamisho wa umiliki mara moja, wala usikubali kukaa na gari lililo kwa jina la mwingine.

Iwapo mfanyabiashara amekupotosha, mwandikie kwanza ukidai suluhisho. Asiporidhia, wasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pamoja na nakala za tangazo, mkataba, risiti na ripoti ya fundi.