Redio ya Wanachuo na Lugha ya Mahali

Makala haya yananuia kueleza jinsi ufupi wa masafa ya redio unavyoathiri lugha ya watangazaji wake. Mfano tutakaoutumia ni redio za wanachuo wa Marekani.

Mnamo mwaka 1936, George Abraham na David Borst, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown mjini Providence, walitandaza nyaya baina ya mabweni wakaanza kuwatangazia wenzao. Kituo chao, Brown Network, aghalabu huhesabiwa kuwa cha kwanza kuendeshwa na wanachuo wenyewe. Vyuo vingine vilifuata, na mwaka 1940 kikaundwa chama cha vituo hivyo, Intercollegiate Broadcasting System. Mbinu iliyoenea ilikuwa ya kupitisha mawimbi hafifu katika nyaya za umeme za jengo. Redio iliyo karibu na nyaya hizo huyanasa; msikilizaji akitoka nje hatua chache, sauti hufifia ikapotea.

Yafaa tutambue maana ya jambo hili kiisimu. Redio ya taifa haina budi kushikamana na lugha sanifu, kwani msikilizaji wake hajulikani na hana budi kufafanuliwa kila kitu. Mtangazaji wa bwenini humjua amsikilizaye. Hutaja mahali kwa lakabu, hutumia misimu ya msimu ule, na huacha mengi bila kuyasema, naye akaeleweka. Tofauti hiyo haitokani na elimu ya mtangazaji, bali na umbali wa sauti yake.

Mwaka 1948 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya mawasiliano, iliruhusu vituo vya elimu vya FM vyenye nguvu ya wati 10 tu. Hapo sauti ya wanachuo ilivuka ukuta wa chuo ikawafikia majirani. Lakini mwaka 1978 tume hiyo hiyo iliamua kwamba vituo hivyo viongeze nguvu hadi wati 100, la sivyo vipoteze kinga dhidi ya kuingiliwa na vituo vingine. Hoja yake, kwamba nafasi katika mawimbi ni chache, ilikuwa na uzito. Hata hivyo, ilipima redio kwa upana wa eneo lake, si kwa ukaribu wake na wasikilizaji. Ilipofika mwaka 2000 tume ikaanzisha aina mpya ya vituo vya FM vya nguvu ndogo, visivyozidi wati 100.

Hapa Kenya, mfano wa mwanzo wa redio ya mahali haukutoka chuoni. Kituo cha Homa Bay kilianzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kikatangaza kwa Kijaluo, na serikali ikakifunga mwaka 1984. Leo vyuo vikuu kadhaa nchini vina redio zao. Vikiwafunza wanafunzi kuiga tu sauti za vituo vikubwa, faida ya udogo itapotea. Idara za lugha nazo zina wajibu: kurekodi matangazo hayo na kuyahifadhi. Misimu ya wanachuo haidumu, na mazungumzo yasiyorekodiwa leo hayatapatikana mtafiti atakapoyahitaji kesho.