Mvua Yetu Ihesabiwe Hapa Kwetu

Ukishika Barabara ya Ngong kutoka mjini, ukaipita Kilimani, utafika Dagoretti Corner, yaliko makao ya Idara ya Hali ya Anga. Utabiri haufanywi kwa kutazama mawingu tu. Anga hugawanywa katika miraba, kisha kompyuta hukokotoa mwendo wa upepo, joto na unyevu katika kila mraba. Wako vijana wetu wa uzamili na uzamifu wanaojitosa katika taaluma hii ngumu.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka wa 1922, Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi alivyojaribu kukokotoa kwa mkono hali ya anga ya saa sita za tarehe 20 Mei 1910. Kazi hiyo ilimla wiki kadhaa, na jibu likatoka na kosa kubwa. Mwaka wa 1950, kompyuta ya ENIAC huko Marekani ilitabiri saa 24 za mbele, lakini ikatumia karibu saa 24 kuzihesabu.

Msomaji atauliza: haya yanamhusu nini mchuuzi wa mboga wa Kawangware? Yanamhusu sana. Mraba wenye upana wa kilomita 100 huweza kuimeza Mathare, milima ya Ngong na Mai Mahiu pamoja, kana kwamba yote ni uwanda mmoja. Aprili 2024 mafuriko yaliangamiza watu Mathare, na alfajiri ya tarehe 29 mwezi huo maji yakawazoa makumi ya wakazi wa Mai Mahiu. Kutofautisha bonde na kilima kunahitaji miraba midogo. Lakini upana ukipunguzwa kwa nusu, hesabu huongezeka takriban mara nane: mraba mmoja huzaa minne, na hatua za muda nazo huongezeka maradufu.

Hapo ndipo mwanafunzi anapokwama. Hesabu ya siku nyingi huweza kukatizwa na umeme kupotea, kama ulivyopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023. Asipokuwa amehifadhi hatua za kazi yake, huanza upya. Akitaka mashine yenye nguvu zaidi, hulazimika kubisha hodi ng'ambo. Afrika Kusini ilizindua Lengau, yaani duma, mwaka wa 2016, mashine yenye uwezo wa kufanya hesabu zaidi ya trilioni 1,000 kwa sekunde.

Hatuanzi na mikono mitupu. Mtandao wa KENET, ulioanzishwa mwaka wa 1999, unaunganisha vyuo vyetu, na nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kilichosalia ni serikali na vyuo kuchanga fedha za mashine ya pamoja, umeme wa akiba na posho ya watafiti. Gharama ni kubwa, lakini mafuriko nayo hayatugharimu haba.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mvua inatunyeshea sisi. Na tuihesabu sisi.