Bolti za Gari la Zamani Juba: Ipi Ununue, Ipi Uisafishe

Anayefufua Land Rover ya zamani Juba hupigia hesabu injini, rangi na viti. Bolti, nati, bawaba na vitasa huvisahau, na huko ndiko pesa inakovujia. Kabla hujaagiza chochote, jua kwanza bolti za gari lako zina meno gani.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na zile za Series I zilifungwa zaidi kwa bolti za Kiingereza za BSF. Series II ilipotoka mwaka 1958 kiwanda kilikuwa kikihamia UNF, ambayo nayo ni ya inchi, lakini hakikuhama kwa siku moja, kwa hiyo gari la miaka ya sitini laweza kuwa na aina zote mbili. Toyota Land Cruiser FJ40 ni milimita karibu kila mahali.

Bolti ya BSF ya inchi 5/16 ina meno 22 kwa inchi. Ya UNF ina 24. Unene wa zote mbili ni milimita 7.94, na M8 ya dukani, ambayo ni bolti ya milimita, ni milimita 8. Kwa unene huwezi kuzitenganisha kwa macho. Ndiyo maana fundi mwenye haraka huilazimisha M8 kwenye tundu la 5/16: inaingia mizunguko miwili, spana ndefu inamalizia, na siku ya kuifungua inatoka na meno ya tundu. Kichwa cha UNF hiyo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo hata spana namba 13 itacheza na kula pembe. Tazama kichwani: UNF nyingi za Kiingereza zina alama ya duara tatu zilizoshikana, za milimita huandikwa 8.8 au namba ya jamaa hiyo.

Bei za pauni ya Sudan Kusini hazidumu hadi gazeti linalofuata, na wauzaji wengi wa spea hutaja dola, hivyo tulinganishe njia. Maduka ya Juba yamejaa milimita kwa sababu mji ni wa Toyota. Mwenye Land Cruiser hana haja ya kusafiri kutafuta bolti za kawaida, na tangu 2021 Toyota yenyewe imetangaza kutengeneza upya baadhi ya spea za 40 Series, jamii ya FJ40. Mwenye Land Rover hana bahati hiyo.

Kwake yeye Kampala ndiyo karibu, hasa soko la Kisekka, ambako magari huchinjwa na spea kuuzwa moja moja. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba, iliyokamilika mwaka 2012, imerahisisha kutuma mzigo kwa basi. Ongeza kwenye bei nauli ya kifurushi, ushuru wa mpakani na gharama ya kubadilisha fedha. Bolti kumi zikisafiri peke yake, safari itakuwa ghali kuliko bolti. Nairobi ni mbali zaidi, lakini Barabara ya Kirinyaga ina wauzaji wazoefu, na Land Rover ziliwahi kuunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland kilichoanza kazi mwaka 1976, kwa hiyo spea za Series III hazikuwa ngeni kule. Njia ya Khartoum imeharibiwa na vita vilivyoanza Aprili 2023.

Jihadhari na jambo moja la mpakani. Uganda na Kenya huendesha kushoto. Juba huendesha kulia, kama Sudan ilivyobadili mwaka 1973. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa barabara za Kampala huelekeza mwanga wake wa chini upande wa kushoto, na hapa humpiga machoni dereva anayekuja. Bawaba na vitasa havina shida hiyo, ila wipa na sehemu za usukani uzikague.

Uingereza bado wanauza mifuko ya bolti za gari zima, meno sahihi na zinki juu. Ni ghali, na thamani yake iko kwa Series I tu, ambayo BSF zake ni shida kuzipata kwingine.

Kabla ya hayo yote, angalia kopo la bolti ulizozitoa garini. Zile ndizo orijino. Ziloweke usiku kucha kwenye siki, zisugue kwa brashi ya waya, zioshe kwa maji yenye magadi, zikaushe na kuzipaka mafuta. Gharama ni chupa ya siki. Usizichome wala kuzisaga kwa grenda kabla ya kujua zilipakwa nini: nyingine za zamani zina kadimiamu, na moshi na vumbi lake ni sumu. Kisha zikusanye zote uzitume Nairobi zipakwe zinki kwa umeme, kwa kuwa kazi hiyo kwa kawaida hutozwa kwa uzito na kifurushi kimoja hulipa kuliko vitano. Zinki ya kuchovya iache kwa bawaba na vyuma vya pembeni. Kwenye bolti hujaza meno.

Bolti za chuma kisichoshika kutu zinavutia wengi. Mimi sizipendekezi: bodi ya Land Rover ni alumini, na maji ya mvua yakikaa kati ya vyuma hivyo viwili alumini ndiyo huliwa. Tena kila anayezijua gari hizi ataona mng'ao wake si wa kiwandani.

Bolti za breki, usukani na magurudumu hazifufuliwi. Tindikali na upakaji huweza kuifanya bolti ngumu ikatike bila onyo. Hapo nunua mpya, na ndipo pesa yako iende kwanza.

Ukienda dukani, beba nati moja kutoka garini mwako. Izungushe kwa vidole kwenye bolti unayouziwa. Isipofika mwisho bila spana, mrudishie mwenyewe bolti yake.