Bibi Asiachwe Benchini: Matembezi ya Vizazi Vitatu Wakati Afya Inayumba

Bustani kubwa za burudani zilizaliwa na mzazi aliyechoka kukaa benchini. Walt Disney alikuwa akisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia katika Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao huku yeye hana la kufanya ila kusubiri. Alitaka mahali ambapo mzazi na mtoto wangecheza pamoja. Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, Julai 1955. Walt Disney World, nje kidogo ya Orlando, Florida, ikafuata Oktoba 1971, takriban miaka mitano baada ya yeye kufariki.

Ajabu ni kwamba benchi lile halijaondoka. Familia ya vizazi vitatu au vinne inapofika Orlando bila mpango, saa sita mchana bibi huwa ameshaketi kivulini, amelegeza viatu, miguu imevimba, anawaambia wajukuu, "Nendeni tu, mie nawasubiri hapa hapa."

Walt Disney World ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani kuu 4: Magic Kingdom, EPCOT ya mwaka 1982, Disney's Hollywood Studios ya 1989 na Disney's Animal Kingdom ya 1998. Aliyekulia na mabembea ya sikukuu kwenye viwanja vya Kariakoo, Unguja, hapati picha ya ukubwa huo kirahisi. Mgeni anaweza kutembea kilomita 10 na zaidi kwa siku moja, juu ya sakafu ngumu, mbali na muda wa kusimama foleni. Goti lenye baridi yabisi, mguu wa mwenye kisukari au moyo uliotoka kufanyiwa upasuaji unaweza kushindwa hapa, hata kama nyumbani mwenyewe anakwenda sokoni na kurudi bila taabu.

Kwa hiyo tarehe haitangulii daktari. Familia nyingi hufanya kinyume: hukata tiketi, hulipia hoteli, kisha humpeleka mzee kliniki wiki mbili kabla ya kuondoka ili apewe baraka. Na hata wanaowahi huuliza swali pana mno. Daktari akiulizwa kama mama anaweza kusafiri, atajibu ndiyo au hapana. Akiulizwa mama anaweza kusimama dakika ngapi, kukaa kwenye ndege saa ngapi mfululizo, kuvumilia joto la kiasi gani, na dawa zake zina madhara gani juani, atatoa majibu ya kupangia ratiba. Dawa za kukojosha, ambazo wenye shinikizo la damu wengi huzitumia, hupunguza maji mwilini, na Florida mwezi Julai haimsamehe aliyepungukiwa maji.

Kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana Orlando huzunguka nyuzi 32 hadi 33 za Selsiasi, tena lenye unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari, na alasiri nyingi hunyesha mvua ya radi. Msimu wa vimbunga huanza rasmi Juni 1 na kwisha Novemba 30. Wiki ya Krismasi na likizo za shule za Machi na Aprili hujaza watu hadi njia zinakosa nafasi ya kiti cha magurudumu kugeuka. Kipindi kinachomfaa mgonjwa ni kati ya katikati ya Januari na mwanzoni mwa Februari, ingawa asubuhi nyingine huwa na baridi ya kuhitaji sweta, na wazazi watalazimika kuzungumza na shule.

Tarehe ikishakubalika, bima ndiyo hufuata, wala haisubiri wiki ya safari. Bima nyingi za safari zinazouzwa Marekani hazilipi gharama zinazotokana na maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kuinunua. Lakini kampuni kadhaa hulegeza sharti hilo iwapo bima itanunuliwa mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza ya safari. Anayenunua siku ya 30 huwa amekosa nafuu ambayo huenda isingemwongezea hata senti. Ipo pia bima ghali zaidi inayomruhusu mtu kufuta safari kwa sababu yoyote. Hiyo kwa kawaida hurudisha asilimia 50 hadi 75 ya fedha, na huwa na sharti la kutoa taarifa angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Mzee anayekuja kutoka nje ya Marekani huhitaji bima ya matibabu ya peke yake, kwa kuwa usiku mmoja wa hospitali huko unaweza kupita gharama ya safari nzima ya ukoo. Masharti ya viza nayo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo huangaliwa kabla ya kulipia chochote.

Safari ya ndege ni mtihani wa pekee. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu kwa anayesafiri saa 4 au zaidi akiwa amekaa. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Kwa aliyebadilishwa nyonga au goti karibuni, au mwenye saratani, hesabu si hiyo tena, na ndiyo maana madaktari huwataka wagonjwa wa aina hiyo wasubiri wiki kadhaa au hata miezi. Anayeruhusiwa husimama na kunyoosha miguu kila baada ya muda, hunywa maji, na huvaa soksi za kubana zilizopimwa kwa mguu wake.

Dawa zote huingia kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye vifungashio vyake vya asili pamoja na barua ya daktari. Insulini haiwekwi kabisa kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwa sababu inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika bila kuonyesha dalili kwa macho. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam ajue pia kwamba Orlando iko nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi, hivyo ratiba ya sindano hupangwa upya na daktari kabla ya safari.

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, naye anaweza kwenda. Nafasi yake katika kliniki ya karibu na Orlando huombwa wiki nyingi kabla, na kumbukumbu zake za matibabu hutumwa mapema. Siku za bustani ndizo hupangwa kufuata siku za kliniki.

Malazi yanastahili fedha zaidi kuliko tiketi za ziada. Hoteli ya karibu humwezesha mzee kurudi kulala saa saba mchana na kutoka tena jioni jua likishapoa, na chumba chenye bafu lisilo na kizingiti hupunguza hatari ya kuanguka. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kivutio kimoja hapa ambacho wengine hawakipati. Disney's Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001, imezungukwa na mbuga ndogo zenye twiga na pundamilia, na mgeni wa chumba kinachotazama huko huwaona akiwa barazani, kikombe cha chai mkononi. Sehemu zake zinaitwa Jambo House na Kidani Village. Migahawa inaitwa Boma, Sanaa na Jiko. Babu wa Tanga atacheka akiambiwa kwamba kula Jikoni ni kwa gharama kubwa na nafasi huwekwa mapema. Lakini hoteli ya namna hii hutatua tatizo halisi: asiyeweza kutoka siku hiyo hajaachwa kutazama ukuta.

Bustani yenyewe ya Animal Kingdom ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, ambacho wabunifu wake walikichora kwa kuiangalia Lamu. Rangi imebanduliwa kutani kwa makusudi. Hapo ndipo huanzia Kilimanjaro Safaris, magari ya wazi yanayopita kati ya wanyama hai. Kiti cha magurudumu huweza kuingizwa garini, ila njia ina mashimo ya kutengenezwa, na mwenye mgongo mbaya atayahisi yote kama yangekuwa ya kweli.

Viti vya magurudumu na vigari vya umeme hukodishwa milangoni, na kampuni za mjini huvipeleka hadi hotelini. Kinachokwamisha zaidi ni fahari. Mzee anayetembea kwake bila fimbo hukataa kukalishwa, na kwa adabu za Waswahili hasemi kwamba anaumia. Akiulizwa hali atajibu "sijambo" hata kama kisigino kinatoa damu. Mpango mzuri hausubiri alalamike. Mapumziko huandikwa kwenye ratiba kama mchezo mwingine wowote: saa nne chai, saa saba kurudi hotelini, na wote hukaa, si mzee peke yake. Kigari nacho hukubalika upesi kikiletwa kama kifaa cha kubebea mikoba, ingawa kila kigari kina mpandaji wake mmoja tu.

Kuna dhana kwamba kiti cha magurudumu huruka foleni. Hapana: foleni nyingi zimejengwa zikipitika na kiti hicho, na mwenye kiti husubiri kama wengine. Ipo huduma ya Disney kwa wasioweza kusubiri foleni ya kawaida, ambapo mtu hupewa saa ya kurudi. Lakini tangu Mei 2024 huko Florida imeelekezwa hasa kwa wenye matatizo ya ukuaji kama usonji na mengine yanayofanana nayo, na mwombaji huhojiwa kwa njia ya video. Familia iliyotegemea goti la babu kuipata hubaki na njia ya kulipia foleni ya haraka iitwayo Lightning Lane au kufika mapema mlango unapofunguliwa. Utaratibu wa kupokezana, kwa upande mwingine, haudai ugonjwa wowote: mtu mzima mmoja hubaki na mtoto asiyefikia kimo, kisha naye hupanda bila kupanga foleni upya.

Kila mchezo wa kasi una bango la onyo mlangoni: wajawazito, wenye shinikizo la damu, wenye matatizo ya moyo, mgongo au shingo wasipande. Mabango hayo ni ya kusomwa nyumbani, kwenye tovuti ya bustani, maana mlangoni wajukuu wanavuta mkono. Mchezo wa Mission: Space katika EPCOT una pande mbili, mmoja huzungushwa kwa nguvu na mwingine hauzungushwi, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kizunguzungu.

Si kila mtikisiko umeleta madhara, hata hivyo. Daktari David Wartinger wa Chuo Kikuu cha Michigan State aliwasikia wagonjwa wakidai kwamba mawe ya figo yaliwatoka baada ya kupanda treni ya kasi ya Big Thunder Mountain huko Orlando. Alitengeneza figo ya silikoni, akaijaza mkojo na mawe halisi, akaificha kwenye mkoba na kuipandisha treni hiyo mara kwa mara pamoja na mwenzake. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2016, viti vya nyuma vilitoa mawe 23 kati ya 36, vya mbele 4 tu kati ya 24. Utafiti huo ulipata tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2018. Lakini daktari wa figo wa familia aulizwe kwanza.

Kwa wasiofaa kutikiswa, Magic Kingdom ina reli inayoizunguka bustani, yenye injini za mvuke zilizoundwa na kiwanda cha Baldwin kati ya 1916 na 1928 na kununuliwa kutoka Yucatán, Mexico. Mzee aliyefanya kazi reli anaweza kumaliza asubuhi nzima hapo, akiwaeleza wajukuu jambo ambalo hakuna tovuti inayowaeleza. Vituo vya huduma ya kwanza vipo katika bustani zote 4; vina wauguzi, kitanda cha kujinyoosha, na jokofu la kuhifadhia insulini.

Mgonjwa akiwa ni mtoto, na ugonjwa ukiwa mzito, mambo hubadilika. Henri Landwirth, mwenye hoteli aliyenusurika kambi za Wanazi utotoni, alikuwa akitoa vyumba bure kwa watoto kama hao. Mwaka 1986 chumba kimoja kilirudishwa bila kutumiwa: msichana mwenye saratani ya damu alifariki kabla mipango ya safari yake haijakamilika. Landwirth akaanzisha Give Kids The World, ambayo sasa ina kijiji chake Kissimmee, jirani na Orlando, na huipokea familia nzima kwa wiki moja bila malipo. Huko mtoto anaweza kula aiskrimu asubuhi badala ya uji, wala hakuna wa kumzuia. Familia hufika kupitia mashirika ya kutimiza matakwa ya watoto wagonjwa, na waratibu hujua kuharakisha.

Wengine wote huenda wakalazimika kuahirisha. Hapo mpango haubebwi ulivyo kupelekwa mwaka unaofuata, kwani watoto hawakumsubiri mgonjwa. Aliyeingia bure kwa kuwa hajatimiza miaka 3 sasa analipiwa tiketi. Aliyekuwa na sentimita 95 huenda amevuka 97 zinazotakiwa kwenye treni ya Seven Dwarfs, na aliyefika 112 amepata ruhusa ya Space Mountain, kwa hiyo zamu za kubaki na wadogo hugawanywa upya. Pasipoti huangaliwa, bima mpya huanza kuhesabiwa siku zake, na bibi hurudi kwa daktari na maswali yale yale.